Swali la Tatu

Karatasi arobaini na moja, taa ya sola inakonyeza,
na Katwe yote imelala isipokuwa viboko
wanaopita nyuma ya choo kutafuta majani.
Swali la tatu: Eleza tofauti
kati ya badiliko la kimaumbile na badiliko la kikemikali.
Toa mifano. Alama nne.

Arobaini wameandika barafu.
Barafu, jamani! Hapa ambapo barafu
tunaiona kwa mbali tu, kichwani mwa Rwenzori,
asubuhi ambayo mawingu yameona huruma.
Wameandika barafu, na karatasi inayoungua,
kwa sababu mimi ndiye niliyeandika ubaoni
barafu, na karatasi inayoungua.

Ithungu peke yake ameandika hivi:
"La kwanza ni mtu aliyekwenda sokoni. Atarudi.
La pili ni mtu aliyepewa jina jingine."
Nimeshika kalamu nyekundu. Sijui nimpe ngapi.

Nilizaliwa kando ya ziwa hili lisilo na samaki.
Mama yangu, Kabugho, ana vidimbwi viwili vya chumvi
alivyovikinga kwa tope na vijiti.
Jua hunywa maji, machicha humwachia yeye.
Mwaka mmoja mvua ilikuja usiku,
siku tatu kabla ya kuvuna.
Kulipokucha, maji matupu.
Nililia kama aliyefiwa.
Mama akachovya kidole, akanilambisha:
"Ipo. Imejificha tu. Jua litaitoa."
Nilikuwa na miaka saba,
na kemia yote niliyoisoma baadaye Mbarara
haikunipa mfano bora kuliko kidole kile.
Kwa nini basi niliandika barafu?

Lakini mtaimbo wa baba.

Baba alishinda majini hadi kifuani
akivunja mwamba wa chumvi kutoka sakafu ya ziwa,
na mtaimbo wake alikuwa akijisifia: kilo saba kamili.
Alipozikwa hatukuugusa.
Ulibaki umeegemea ukuta, juu ya gunia,
ukitazamana na kile kiwanda kikuukuu
ambacho mabomba yake yaliliwa na maji haya haya
kabla hayajazoea kazi.
Ukaota magamba mekundu,
magamba yakawa unga, unga ukajaa guniani,
nami nikadhani chuma kinakonda.

Juzi niliukusanya wote, fimbo na unga wake,
nikaupeleka kwenye mizani ya Bwambale.
Umezidi.
Bwambale akagonga mizani, akapima tena.
Umezidi, mwalimu.

Kwa maana kutu si chuma kilichopungua.
Ni chuma kilichoishika hewa kisiiachie,
wakawa kitu kimoja, si huyu wala si yule.
Ukilowesha, ukianika, ukingoja kiangazi kizima,
chuma hakitoki.
(Tanuru lingeweza. Mkaa, na moto wa kutisha.
Kitabu kina jibu la kila kitu.
Nani ana tanuru hapa?)

Mama alikuwa nyuma yangu, akiangalia mshale.
"Umekuwa mzito," akasema,
na sikujua anausemea mtaimbo
au miaka tisa.

Yeye mwenyewe sijui nimweke fungu gani.
Nyayo zimepasuka kama kidimbwi cha Februari,
lakini kicheko ni kile kile,
chumvi bado anaipima kwa kiganja, hakosei.
Ila tangu siku ile ya mazishi
mtaa mzima unamwita mjane.

Ithungu hakutoa mifano.
Mwongozo unasema alama mbili.
Nimempa mbili, nimezikata, nimempa tatu,
na pembeni nimeandika kwa wino mwekundu: Mfano?
Kisha nikabaki nimeliinamia neno langu mwenyewe.

Nje matone ya kwanza yamegonga bati.
Mama amefungua mlango wake.
Hatoki. Amesimama pale kizingitini,
anavisikiliza vidimbwi.